Shela la Bibi Harusi: Historia Yake na Hekima ya Kuliagiza



Wapendwa wanaparokia, kila baada ya Pasaka ofisi yetu hupokea wachumba wengi wanaokuja kuandikisha ndoa. Tukiwauliza juu ya cheti cha ubatizo, mafundisho na wasimamizi, hujibu bila shida. Tukiuliza tarehe, hapo kimya huingia. Baada ya kusitasita kidogo hujulikana kuwa kinachosubiriwa ni fedha, na sehemu ya fedha hizo inahusu shela. Wapo waliokaa pamoja miaka kumi, wana watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza, na bado wanaiahirisha ndoa kwa sababu mama hana shela, au kwa sababu anaona haya kuvaa nyeupe mbele ya watu waliomjua akiwa na mimba. Jambo hili si dogo. Ni Sakramenti inayowekwa kando kwa ajili ya kitambaa.

Kwa hiyo juma hili tumeona vema tufungue vitabu vya historia tuone shela hili limetoka wapi, nani aliliamuru, na waliotutangulia walilipataje.

Tuanze na sheria ya Kanisa, maana hapo hatutakawia. Tarehe 11 Novemba 1563, Mtaguso wa Trento ulipitisha hati inayojulikana kwa jina la Tametsi. Hati hiyo iliagiza ndoa itangazwe hadharani, kisha ifungwe mbele ya paroko, au padre mwingine aliyeruhusiwa, na mbele ya mashahidi wawili au watatu. Mababa wa Mtaguso walikuwa wakipambana na ndoa za siri zilizowaacha wanawake wengi wakikanwa na waume zao. Walifikiri kwa kina juu ya ridhaa, mashahidi na daftari la ndoa. Juu ya gauni hawakusema neno. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo, katika kanuni ya 1108, inataka kiongozi aliye na mamlaka halali na mashahidi wawili. Mkisoma kanuni zote za ndoa hamtakuta rangi ya nguo, urefu wake wala bei yake.

Hata hivyo desturi ya kumvika bibi harusi kwa namna ya pekee ni ya kale kuliko Kanisa. Katika Roma ya kale msichana aliolewa akiwa na kanzu iliyonyooka, iliyofumwa kwa mtindo wa zamani kwenye kitanda cha mfumi kilichosimama wima, na desturi ilitaka aifume mwenyewe. Kichwani alifunikwa utaji wenye rangi ya mwali wa moto. Wakristo wa kwanza walichukua mengi katika desturi hizo, na utaji ule ukapata nafasi katika baraka ya ndoa. Lakini fahari iliingia mapema. Karibu mwaka 400 Mtakatifu Paulino wa Nola, aliyekuwa ameacha mali nyingi sana ili aishi kimonaki, aliwatungia vijana wawili, Juliano na Titia, shairi la arusi. Ndani yake anawaasa waepuke mavazi ya dhahabu na zambarau, na kumtaka bibi harusi ajipambe kwa fadhila. Juliano alikuwa mtoto wa askofu, na tunaweza kukisia kwamba hata katika nyumba ile majaribu ya sherehe kubwa yalikuwapo. (Juliano huyo baadaye akawa askofu wa Eklano, na mpinzani mkali wa Mtakatifu Augustino. Shairi zuri la arusi halikumkinga na ubishi.)

Sasa twende Firenze, Italia, mwaka 1447. Mama mjane aitwaye Alessandra Macinghi Strozzi alimwandikia mwanawe Filippo aliyekuwa Napoli, akimpasha habari kuwa dada yake Caterina amechumbiwa na Marco Parenti, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa hariri. Barua zake zimehifadhiwa, na ni hazina kwa yeyote anayetaka kujua mama wa zamani aliwaza nini. Mahari iliyotoka kwa upande wa binti ilikuwa florini 1,000. Kwa upande wake Marco alimwagizia mchumba wake gauni la rangi nyekundu iliyokoza, pamoja na taji la manyoya na lulu. Mama anapiga hesabu waziwazi: binti atakapotoka nje atakuwa amevaa zaidi ya florini 400 mwilini. Tunamsikia akifurahi, na papo hapo tunamsikia akihesabu.

Mambo mawili yatupasa kuyaona hapo. Kwanza, binti Mkatoliki wa mji ule wa makanisa mazuri aliolewa na nguo nyekundu, na hakuna padre aliyeshtuka. Pili, wanahistoria waliochunguza madaftari ya hesabu ya familia za Firenze wameonyesha kwamba mapambo mengi ya arusi hayakukaa nyumbani. Mume aliazima baadhi kwa ndugu na marafiki, akakodi mengine, na baada ya muda akarudisha ya watu au akauza yake ili fedha irudi kwenye biashara. Kwa hiyo dada anayeona aibu kukodi shela ajue kwamba matajiri wa Firenze walifanya mambo kama hayo zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Je, nyeupe ilitoka wapi? Wapo malkia na binti wafalme walioivaa zamani. Maria Malkia wa Uskoti alivaa nyeupe alipoolewa na mrithi wa kiti cha Ufaransa katika kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, tarehe 24 Aprili 1558, na watu walistaajabu, kwa sababu katika jumba la kifalme la Ufaransa nyeupe ilikuwa rangi ya malkia aliyefiwa. Kwa karne nyingi baada yake mabibi harusi wa kifalme walipendelea nguo zenye nyuzi za fedha, na wanawake wa kawaida walivaa gauni lao lililo bora, la buluu, la kahawia, la kijani, lolote litakaloweza kuvaliwa tena Jumapili inayofuata. Gauni jeupe lilikuwa anasa kwa sababu rahisi kabisa: lilichafuka upesi na kufuliwa kwa taabu.

Aliyeligeuza jambo hili ni Viktoria, Malkia wa Uingereza, alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840. Gauni lake lilikuwa la satini nyeupe iliyofumwa Spitalfields, London, na juu yake ikatandazwa lesi ya Honiton, iliyosukwa kwa mkono huko Devon. Wakati ule mashine zilikuwa zimeanza kutoa lesi ya bei nafuu, na wanawake wa vijiji vile walikuwa wakipoteza riziki yao. Malkia aliagiza lesi yake kwao kwa makusudi. Wanawake zaidi ya 200 walifanya kazi hiyo kwa miezi mingi ya mwaka 1839. Kwa maneno mengine, gauni maarufu kuliko yote katika historia ya arusi liliagizwa mapema, likaagizwa kwa mafundi wa nyumbani, na likawa mshahara wa kaya nyingi.

Tena Malkia huyo, mwenye uwezo wa kununua lesi mpya kila juma, hakuitupa ile ya arusi. Aliivaa tena katika sherehe za familia kwa miaka mingi, na katika picha ya jubilei ya miaka 60 ya utawala wake, mwaka 1897, alikuwa bado anayo. Wanaoiga rangi yake na kusahau utunzaji wake wamechukua nusu moja tu ya mfano.

Miaka 9 tu baada ya arusi ile, mwaka 1849, gazeti moja la wanawake wa Marekani, Godey's Lady's Book, liliwaambia wasomaji wake kwamba tangu zama za kale desturi imeamua kuwa nyeupe ndiyo rangi impasayo bibi harusi, kwa kuwa ni ishara ya usafi wa msichana. Tangu zama za kale! Wazee waliokuwa hai siku ile walikuwa wameoa wake waliovaa buluu na kahawia. Hivyo ndivyo desturi changa inavyojitafutia mvi. Tunalisema hili kwa ajili ya mama zetu wanaodhani kwamba nyeupe ni cheti cha ubikira, na kwamba asiye nacho hana haki ya kupita katikati ya kanisa. Nguo nyeupe ambayo Kanisa lenyewe linaivisha ni ile ya ubatizo, na ile tumevikwa sote, wanaume kwa wanawake. Anayetaka kuvaa nyeupe siku ya kubariki ndoa, na avae kwa amani. Asiyetaka, avae kitenge.

Hapa kwetu nyeupe ilifika pamoja na misheni, na ilipofika haikukuta watu wasiojua kumpamba bibi harusi. Pwani ilikuwa na kisutu, kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi harusi alipaswa kuwa nayo, na ambayo aliendelea kuitumia katika ndoa yake. Ni nguo isiyosubiri kabatini.

Vita navyo vilitoa somo. Nchini Uingereza nguo ziligawiwa kwa kuponi tangu tarehe 1 Juni 1941 hadi tarehe 15 Machi 1949. Mabibi harusi waliazimana gauni moja kutoka dada hadi dada na kutoka jirani hadi jirani, wengine wakashona kwa hariri au nailoni ya miavuli ya askari wa anga. Binti mfalme Elizabeti alipoolewa tarehe 20 Novemba 1947 alilazimika naye kutumia kuponi. Wanawake wa kawaida walimtumia za kwao kwa upendo, zikarudishwa, kwa kuwa sheria ilikataza kumpa mwingine kuponi yako. Ndoa za miaka ile hazikuwa pungufu kwa sababu gauni lilikuwa la kuazima.

Lakini kisa tunachotaka kukaa nacho zaidi ni cha fundi mmoja wa Marekani, Ann Lowe.

Alizaliwa Clayton, Alabama, mwaka 1898. Bibi yake alizaliwa utumwani. Bibi na mama wote walikuwa mafundi wa kushona nguo za mabibi wakubwa. Mama alipofariki ghafla mwaka 1914 aliacha gauni nne za mke wa gavana wa jimbo hazijakamilika. Ann, msichana wa miaka 16, alizimaliza. Baadaye alikwenda kusoma ushonaji New York, na humo shuleni alitengwa na wanafunzi wazungu, akaketi chumba cha peke yake. Hatimaye akawa fundi anayetafutwa na familia tajiri kuliko zote za nchi ile.

Mwaka 1953 alipewa kazi ya kushona gauni la Jacqueline Bouvier, aliyekuwa aolewe na seneta John F. Kennedy katika kanisa la Mtakatifu Maria, Newport, tarehe 12 Septemba, ndoa ikiongozwa na Askofu Mkuu Richard Cushing wa Boston. Gauni lilichukua yadi 50 za tafeta ya hariri, na kazi ya karibu miezi miwili. Siku 10 kabla ya arusi bomba la maji lilipasuka katika karakana ya Lowe. Gauni la bibi harusi na nguo nyingi za wapambe wake ziliharibika. Lowe alinunua kitambaa upya, akaongeza wasaidizi, wakashona usiku na mchana. Familia hakuiambia. Kazi ambayo ingempa faida ya dola 700 ilimtia hasara ya dola 2,200. Husimuliwa kwamba alipozipeleka nguo Newport aliambiwa apite mlango wa nyuma, naye akajibu kuwa asipopita mlango wa mbele atarudi nazo. Alipita mbele.

Arusi ilikuwa ya fahari, picha zikaenea duniani. Magazeti mengi yalilieleza gauni lile kwa kirefu bila kulitaja jina la aliyelishona. Lowe aliendelea kuwashonea matajiri kwa bei ndogo kuliko gharama, kwa maana walijua kuomba kupunguziwa na yeye hakujua kukataa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifikia kulemewa na deni la kodi na kufungiwa duka. Fikirini: matajiri wa nchi tajiri, wakimpunja mshonaji.

Tumesimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu dhambi yake ipo pia kwetu, na haihitaji utajiri. Kamati ya harusi hukaa vikao vingi juu ya ukumbi, chakula na muziki. Fundi huambiwa, tutakumalizia michango ikikamilika. Michango haikamiliki. Arusi inapita, picha zinasambazwa, na fundi huombwa radhi badala ya kulipwa. Sheria ya Musa, katika Walawi 19, inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi, na Mtume Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake hufika kwa Bwana. Hatuwezi kulipeleka altareni gauni linalolia. Anayetaka kushonesha, basi, aanze na swali moja: je, fedha ya fundi ipo, yote, kabla sijamwita anipime?

Ikiwa ipo, yaandikwe makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari: aina ya kitambaa, bei, kiasi kilichotangulizwa, siku za kujaribisha na siku ya kukabidhiwa. Siku hiyo ya kukabidhiwa isiwe juma la arusi. Ann Lowe aliokolewa na siku 10 na ustadi wa maisha yake yote, na mafundi wetu hawana wasaidizi wengi kama wake, tena umeme hukatika. Tungeshauri gauni liwe tayari mwezi mmoja kabla, kisha lijaribiwe tena majuma mawili kabla, kwa sababu mwili wa bibi harusi hubadilika kwa furaha na kwa mashaka. Diana Spencer, aliyeolewa na mrithi wa ufalme wa Uingereza tarehe 29 Julai 1981, alikonda kiasi kwamba mafundi wake walilipunguza gauni kiunoni mara kadhaa. Naye aliposhuka kwenye gari la farasi mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, dunia nzima iliona tafeta yake imejikunja, maana mkia wenye urefu wa zaidi ya mita 7 ulikuwa umebanwa ndani ya gari dogo. Basi mkijaribisha msitazame kioo tu. Ketini, pigeni magoti, inukeni, pandeni ngazi. Katika Misa ya ndoa mtayafanya hayo yote, tena zaidi ya mara moja, na tumekwisha kuona bibi harusi asiyeweza kupiga magoti wakati wa mageuzo kwa sababu ya waya za ndani ya sketi.

Kwa wanaonunua madukani Kariakoo au kwingineko: ombeni risiti, tena muulize kabla ya kulipa kama likikataa kuwaenea litabadilishwa au litarekebishwa na nani, kwa gharama ya nani. Nendeni na mtu mmoja anayewapenda kiasi cha kuwaambia ukweli. Wapambe sita dukani ni maoni sita, na gauni litakalochaguliwa litakuwa lile la gharama kubwa.

Wanaoagiza kwa intaneti kutoka nchi za mbali wana hatari ya pekee. Picha mara nyingi ni ya gauni la mbunifu mwingine, na kinachokuja ni mwigo wa kitambaa chepesi. Vipimo vya wenzetu si vya kwetu, kwa hiyo mpimwe na fundi, kwa sentimita, si kwa kukisia namba ya nguo. Ongezeni muda wa safari, ushuru wa forodha na bei ya marekebisho, kisha mlinganishe na bei ya fundi wa mtaani. Mara nyingi unafuu utayeyuka mezani.

Na wanaokodi, wakague zipu, pindo na madoa pamoja na mwenye mali, waandike kasoro walizozikuta, na wajue dhamana yao itarudishwa lini. Veli yaweza kuazimwa peke yake. Jacqueline, pamoja na gauni lile la yadi 50, alivaa veli ya lesi iliyokuwa ya bibi yake.

Gauni lenyewe limehifadhiwa leo katika maktaba ya Rais Kennedy, Boston. Ann Lowe alifariki mwaka 1981, na katika miaka yetu hii makumbusho ya Marekani yameanza kuonyesha kazi zake zikiwa na jina lake kamili.

Wale wachumba wa miaka kumi tuliowataja mwanzoni, ofisi iko wazi kwenu. Njoni na vyeti vya ubatizo vilivyotolewa karibuni, majina ya wasimamizi wawili, na tarehe mbili za kuchagua, ili tuweze kuanza matangazo.